Nilimwambia mzee anichungie mchanga, akaichunga kweli kweli

Wakuu, mko poa? Nikidanganya hapa simiti inigandie mdomoni. (Chumvi kidogo ya ladha mtanisamehe.)

Mimi ni Mkisii, mzaliwa wa hapa Ndanai. Nikapenda Chebet, msichana wa Kipsigis. Babake hakukataa, alisema tu:

"Msichana yangu hawezi ingia nyumba ya kuta uchi. Jumapili nikitoka kanisa nakuja kuangalia. Kama sitting room haina plasta, tusahau hiyo maneno."

Sasa mchanga ile lori iliniletea ilikuwa na mawe kama viazi za Londiani. Ukipaka hiyo, ukuta inabaki na mistari kama shamba imelimwa na tractor. Lazima ipite kwa wire. Na wire nilikuwa nayo, mesh ndogo imegongelewa kwa frame ya mbao. Laini inaanguka, hiyo ni ya plasta. Mawe inabaki, hiyo unaweka kwa floor.

Jumamosi asubuhi akakuja Mzee Kiptoo, ndugu ya babake Chebet. Ametumwa anisaidie.

(Na kupeleleza. Mimi si mjinga.)

Nikamwonyesha lundo. "Mzee, nichungie hii mchanga, nikimbie Sotik nilete simiti."

"Enda kijana. Nitachunga."

Kurudi mchana, mzee amekaa juu ya lundo, rungu kwa magoti, kama chifu. Wire imeegemea ukuta vile niliacha. Mchanga ni ile ile na viazi zake.

"Mzee, mbona haujachunga?"

"Nimechunga! Hakuna mtu amekusa mchanka yako. Hata kuku!"

Wakuu, kuku ya jirani hadi leo hutagia Kipkelion juu ya uoga.

Nikauliza fundi wangu wa plasta, ule nilikuwa nimeita aanze kazi hiyo asubuhi, ako wapi.

"Ule mwizi alikuja na wilbaro kubeba mchanga? Nilimfukuza akapotelea kwa majani chai."

Fundi amezima simu.

Hapo ndio nikashtuka. Mimi nilimaanisha chunga ya unga. Mzee akachunga ya ng'ombe!

Nilitaka kulia. Lakini mzee alikuwa amejivunia hiyo kazi bana, utamwambia nini? Nikampatia chai, nikashika koleo, nikatupa mchanga kwa wire. Laini ikashuka, mawe ikabaki.

Mzee akashika kichwa. "Wui! Kumbe ni hivyo?" Akacheka mpaka kofia ikaanguka. Akavua koti. "Lete hiyo koleo."

Akachunga kama kijana. Mimi nikapaka, na sijui kupaka.

Jumapili babake Chebet anaingia. Ukuta moja ndio ina plasta, na imepinda kama ile njia ya kuenda mtoni.

"Na hizi zingine?"

Niliona nikimpoteza Chebet hivi hivi.

Mzee Kiptoo akasimama. "Hizo ni zangu. Nilichunga mchanga kama ng'ombe, mimi ndio nilifukuza fundi yake. Na huyu kijana hakunitukana, alinipatia chai."

Babake akagusa ukuta na kidole. Akaniangalia sana.

"Haya. Utachunga msichana yangu?"

"Mzee, ya ng'ombe ama ya mchanga?"

Nyumba ilicheka mabati ikatingishika.

Somo ni hii: ukipatia mtu kazi, mwonyeshe na mkono, mdomo huchanganya watu. Na nyinyi huko kwenu mnaitaje hiyo kazi? Wale wa "kuchekecha" mko hapa? Semeni.

Chebet anasoma hapa kwa bega yangu. Anasema yeye ndio hunichunga mimi, na ni ya wire. Eti mawe bado ni mingi.