Nimefunga lift ya gari nyumbani, tatizo likawa sakafu aliyomwaga mzee

Wakuu, habari za muda huu. Naandika nikiwa kwenye banda letu hapa Nyakunguru, na siongezi chumvi. Kilichotokea chenyewe kinatosha.

Mimi ni fundi wa kujifunza mwenyewe, kwa video na manual. Pia nina wasiwasi sana. Nikikaza nati, lazima nirudi kuigusa tena. Nyumbani wananicheka, nimezoea.

Nilipata lift used ya nguzo mbili upande wa Sirari. Nilipokuwa nimeifuata, mzee wangu akaamua kunishtukiza: akamwaga zege la banda mwenyewe. Niliporudi nikakuta sakafu laini kama meza. Nilifurahi, sikuuliza chochote.

Shida ikaja kwenye bolt za kushikilia nguzo sakafuni. Manual inataka zikazwe kwa torque wrench mpaka zifike kipimo chake. Ya kwanza ikazunguka tu. Ya pili hivyo hivyo. Kuichomoa, ikatoka na unga mwembamba kama wa muhogo.

Nikaelewa. Mzee hakutumia mchanga wa mtoni. Alitumia marudio, yale mabaki ya mawe ya dhahabu yaliyosagwa kwenye karasha. Huku yamejaa kila mahali. Zege lake linapendeza kwa macho, lakini halishiki.

Kaka yangu Marwa, ambaye ndiye angeshinda chini ya magari, akacheka.

"Wewe mura, hata ng'ombe ungempima torque kabla ya kumfunga! Kaza, Cruiser ya mteja iko njiani."

Nakiri kwenu: nilifikiria kujaza gundi kwenye matundu, ninyamaze. Nilimwogopa mzee kuliko nilivyoogopa gari kuanguka. Ni aibu kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Mwisho nikamwita mzee. "Tata, naomba ushike spana hii, uzungushe."

Akazungusha. Akazungusha tena. Akamgeukia Marwa.

"Na wewe ndiye utalala hapa chini?"

"Ndiyo, tata."

Mzee akaenda kuleta nyundo kubwa. Akaivunja sakafu mwenyewe, hakutaka tumsaidie. Wala haikumsumbua, ilikuwa inapasuka kama biskuti.

Tulimwaga upya: mchanga wa mtoni, kokoto, nondo, unene wa kwenye manual. Tukamwagilia maji na kusubiri ikomae kabisa. Cruiser ikaenda kwa fundi mwingine, sawa tu.

Gari la kwanza nililiinua kidogo, nikalitikisa, nikakagua bolt zote, ndipo nikapandisha. Hakuna anayeingia chini kabla gari halijakaa kwenye loki za lift. Marwa siku hizi ananiuliza mwenyewe, "Tayari?" Hacheki.

Nilichojifunza: kabla hujatafuta lift, jua sakafu yako ilimwagwa kwa kitu gani. Na kama aliyeimwaga ni mtu unayemheshimu, muulize vilevile.

Waliofunga lift nyumbani, sakafu mliipimaje? Na wenye wazee wakali, mliwaambiaje? Nasoma comment zote.