Nywele za Mwalimu Chelimo

Kabura alirudi Yamumbi mwaka 2009, baada ya vita vya uchaguzi kati ya Wakikuyu na Wakalenjin kumlaza hemani mwaka mzima. Alifungua tena saluni yake ya mabati, na kwa wiki tatu akawasuka Wakikuyu wenzake tu. Majirani Wakalenjin walipita nje, wakamsalimia kwa adabu, wakaenda zao. Wa kwanza wao kuingia alikuwa Chelimo, mwalimu wa bayolojia, na mtoto mgongoni. Kabura alimsuka kwa mkono mwepesi mno. Siku zilizofuata wakaja wengine wanne.

Sasa Chelimo alikuwa amesimama tena mlangoni, ameshika mfuko wa nailoni uliojaa nywele.

"Mama Nduta, ona. Nikichana tu, zinatoka. Mama mkwe anasema nilikuletea kichwa ukanitilia dawa, ukalipiza kisasi ya vita."

Kabura aliweka kichana chini. Neno hilo likifika sokoni, hata wale wanne hawatarudi, na safari hii hatakuwa na pa kuanzia.

"Na wewe Mwalimu, unasemaje?"

"Mimi nimekuja kukuuliza."

Kabura alitoa unywele mmoja, akauinua kwenye mwanga. Kisha wa pili, hadi wa kumi. Kila mmoja ulikuwa na kidoa cheupe mwishoni.

"Dawa ingekuchoma, zingekatika katikati. Hizi zimejiachilia kwa mzizi. Zangu zilitoka hivihivi kule kambini, binti yangu Nduta akiwa na miezi minne. Wako ana mingapi?"

"Minne." Chelimo akajipiga paji la uso. "Na mimi ndio nafundisha hii kitu! Ukiwa na mimba, homoni ya estrojeni inapanda. Seli za mzizi zinaendelea kugawanyika, nywele za kuanguka hazianguki. Ukijifungua, inashuka ghafla. Seli zinapumzika, na baada ya miezi kama mitatu zote zilizokawia zinaanguka pamoja."

"Zitaota?"

"Seli hazijakufa. Zako si ziliota?"

"Ziliota. Lakini mama mkwe utamwambia estrojeni?"

"Huyo? Atasema hata homoni ni Mkikuyu."

Wakacheka mpaka mtoto akaamka. Kisha Chelimo akabeba benchi, akaliweka nje kando ya barabara, mahali ambapo kila aendaye sokoni angemwona, akaketi.

"Nisukie hapa. Mistari mikubwa, usikaze."

Kabura akachukua kichana, akatoka.