Tumbo la Kajuna

Nilipokuwa mtoto hakuna niliyembembeleza anisimulie chochote, na nikakua vizuri tu. Sasa tangu yule kijana achome watu kisu gulioni Nkwenda, wajukuu hawanipi nafasi hata ya kumenya ndizi. Bibi, zamani ilikuwaje? Haya, kaeni, sirudii.

Baba yangu na jirani yetu Kajuna walikuwa wamekula kahawa. Si hii ya kikombe. Kila mmoja alijichanja karibu na kitovu, akapaka damu yake kwenye nusu ya buni, mwenzake akaimeza. Baada ya hapo ni ndugu kuliko wa kuzaliwa, na ukimdhuru mwenzako, ile kahawa itakuvimbisha tumbo hadi ufe. Tuliamini hivyo, na kanisani tulikwenda.

Halafu ng'ombe wa Kajuna wakaingia kibanjani kwetu, wakala migomba michanga. Siku ya gulio baba akamwambia mbele ya watu kwamba hata mkewe angechunga vizuri kuliko yeye. Watu wakacheka. Kajuna akampokonya mama mmoja kisu cha kumenyea ndizi, akamchoma baba begani, mchana kweupe.

Wanaume walimkamata, wakatafuta kamba. Aliyewazuia ni bibi yangu, mama yake baba. Kichwa cha mwanawe kiko mapajani mwake, damu inamwagika, yeye anasema, "Mwachieni. Kahawa inamjua."

Wakamwachia. Akili za watu wazima hizo. Mwizi wa kuku wangempeleka kwa chifu, lakini mtu wa kisu akaenda zake nyumbani, eti tumbo lake ndilo litamhukumu.

Tukangoja tumbo. Wanawake waliacha kwenda kisimani peke yao. Gulio likawa linavunjika mapema. Waliokuwa wakiingia kwetu kunywa rubisi, pombe yetu ya ndizi, wakawa wanasalimia kutoka njiani na kupita. Njia ya shule ilipita karibu na boma la Kajuna, basi mama akaniondoa shule. Hadi tumbo livimbe, alisema. Asubuhi, upepo ukiwa mzuri, nilisikia wenzangu wakiimba namba ng'ambo ya kilima, mimi nimekaa migombani na mbuzi mmoja. Nilimfundisha yule mbuzi yote niliyoyajua. Hayakuwa mengi.

Bega la baba lilipona, mkono haukunyanyuka tena. Tumbo la Kajuna likabaki bapa kama ubao.

Siku moja mbuzi alikata kamba, nikamfuata hadi rweya, kule kwenye majani ya malisho, nikakutana na Kajuna uso kwa uso. Adabu ni adabu. Nikapiga goti, shikamoo baba, lakini macho yangu yalikuwa pale yalipokuwa macho ya kila mtu.

"Marahaba. Tazama vizuri, mwanangu," akasema, akafunua shati. "Limevimba?"

Nikatazama kwa makini, maana nilitaka shule.

"Bado," nikamwambia.

Akakaa chini. Ng'ombe wake wakatangulia bila yeye. Mkewe alikuja kusema kwamba tangu siku ile hakumaliza sahani. Akishiba kidogo tu anajishika tumbo, anadhani imeanza. Alikonda hadi suruali akaifunga kwa kamba ya mgomba. Mwisho akaja kwetu asubuhi, mwenyewe, akamwomba baba ampeleke barazani kwa chifu afungwe. Walikwenda njia nzima bila kusemezana, watu waliokuwa wakichangia mrija mmoja wa rubisi.

Mnauliza kama kahawa ilifanya kazi. Sijui. Najua kijiji kizima kilimngoja mtu mmoja, kila nyumba peke yake, na niliporuhusiwa kurudi shule wenzangu walishanipita. Nikaona aibu kukaa na vitoto. Huyu wa Nkwenda mmempeleka polisi siku ileile, vizuri. Ila naona mmeanza kusalimiana kutoka njiani.

Kajuna alipotoka jela, mkewe alikuwa ameolewa Kibingo na watoto wamemfuata. Hofu ya kula ilikuwa imemtoka. Kila jioni alipika ndizi za kutosha watu wengi, akaacha mlango wazi, akakaa akitazama njia. Hadi anazikwa, hakuna aliyeingia.