Wino Siku ya Kipaimara

Asubuhi, Lituhi nzima hunuka usipa, dagaa wa Ziwa Nyasa, walioanikwa ufukweni, lakini nyumbani kwa Shangazi Dafroza kulinuka wino. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, nimeteremshwa kutoka milima ya Mbinga ili niishi naye na kusoma. Shangazi alikuwa karani ofisini, na alikuwa na kalamu ya wino aliyoachiwa na marehemu mumewe, nyeusi, ncha yake rangi ya dhahabu. Wenzangu walipenda kuogelea. Mimi nilipenda kuitazama kalamu ile ikinyonya wino chupani kama ndama. Nilikatazwa kuigusa, lakini sikio la kufa halisikii dawa.

Siku ya kipaimara niliichomoa mkobani mwake, nikaitia mfukoni mwa gauni langu jeupe, ili nikamwonyeshe rafiki yangu Salome kisha niirudishe. Kanisa lilifurika, joto la ziwani likafukuta. Tukiwa kwenye mstari nilihisi ubaridi pajani. Doa la bluu lilikuwa limefika ukubwa wa kisosi, na lilikuwa bado linatembea. Nikaliziba kwa kiganja. Kiganja nacho kikawa bluu. Pa kukimbilia hapakuwepo: mbele yangu askofu, nyuma yangu Shangazi, msimamizi wangu, mkono wake begani mwangu.

“Umeumia?” akaninong’oneza.

“Hapana, Shangazi. Ni kalamu.”

“Kalamu gani?”

“Yako.”

Mkono ule ukawa mzito kama debe la mahindi, lakini hakuuondoa. Askofu alinipaka mafuta, akalitazama gauni, akameza kicheko. “Amani iwe nawe,” alisema. Niliona kabisa kwamba nitaihitaji.

Nyumbani sikuchapwa. Shangazi aliketi kitandani, akaipangusa kalamu taratibu kwa kanga, akaijaribu kwenye karatasi. Ilipoandika, ndipo alipolia. “Ungeniomba,” alisema, “ningekufundisha.” Maneno hayo yaliniuma kuliko fimbo. Na kuanzia Jumatatu alinifundisha kweli, ukurasa mzima kila jioni, huku nikisikia wenzangu wakipiga mbizi na kucheka, nami nimenasa mezani na kile nilichokitamani.

Leo, ofisini kwangu Mbinga, tunabonyeza vitufe tu. Hata hivyo ninazo kalamu za wino saba. Mume wangu husema hizo ndizo zilizonioa. Mwezi uliopita binti yetu aliigeuzageuza moja. “Mama, inachajiwa wapi?” Nilicheka, nikamwonyesha inavyonyonya wino. Kesho yake alirudi mapema kutoka shuleni, akasimama mlangoni, mikono mgongoni.

“Shikamoo, mama,” alisema, kwa adabu ambayo sijawahi kumfundisha.