Aminieli na Pampu ya Kahawia

Aminieli wa Machame alipuliza tarumbeta ya kanisa kwa miaka thelathini na moja. Kila alfajiri ya Pasaka alitangulia na bendi ya usharika kwenda makaburini, kuwatangazia waliolala kwamba Bwana amefufuka. Mwaka jana, mbele ya kaburi la mkewe Eliona, pumu ilimkaba wimbo ukiwa nusu. Akainama anakohoa mbele za watu, na Jesse, mkuu wa bendi, akamalizia.

"Baba, samahani," Jesse alimwambia baadaye. "Pasaka ijayo ukikwama tena, tarumbeta tutampa mwingine."

Maneno hayo yalimuuma kuliko pumu yenyewe.

Si kwamba mzee hakuwa na dawa. Alikuwa nazo tele! Zamani pale Bomang'ombe duka la dawa alilolitegemea lilikuwa moja, na ukilalamikia bei unaambiwa shuka Moshi. Kisha likafunguliwa jingine ng'ambo ya barabara. Hawa wakishusha bei, wale wanashusha zaidi na kukuongezea kalenda. Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Kunguru wetu akajaza pampu za bluu za kuvuta pumu ikibana: moja kotini, moja zizini, moja chini ya mto. Kifua kikibana anavuta, kikiachia anarudi kukata majani ya ng'ombe. Ilikuwa mara mbili kwa siku, ikawa mara sita, naye hakuona ubaya, maana dawa si imeshuka bei?

Kwaresima ilipoanza, akaingia duka la zamani kutaka nyingine ya bluu. Muuzaji, binti aitwaye Mektrida, hakunyoosha mkono kwenye rafu.

"Shikamoo baba. Hii ya bluu ni ya tatu mwezi huu. Ile ya kahawia aliyokuandikia daktari iko wapi?"

"Marahaba. Iko kabatini na dawa za ng'ombe. Niliivuta siku nimebanwa, haikunisaidia hata chembe."

"Dawa ya kupe unampulizia ng'ombe lini, baba? Akishaanguka?"

Aminieli akatoa macho. Amefuga tangu utoto, leo anafundishwa kupe na mtoto wa dukani!

"Bluu inakuokoa ukibanwa, tembea nayo," Mektrida akaendelea bila kutetereka. "Kahawia inazuia usibanwe. Asubuhi na jioni, hata ukijisikia mzima. Halafu unasukutua mdomo. Ila rudi kwanza kwa daktari, hali hii si nzuri."

Tajiri wake angemsikia akifukuza mteja hivyo, sijui angesema nini. Mzee alivuka barabara kwa hasira, akanunua ya bluu, akapewa na kalenda. Lakini swali la kupe halikumwacha. Alilala nalo, akaamka nalo, na kabla ya wiki kwisha alikuwa mbele ya daktari, mpole kama kondoo, akiandikiwa kahawia mpya.

Siku za kwanza hakuona kitu. Akaendelea kwa ubishi tu, apate la kumwambia yule binti. Wiki ya nne, alipanda kutoka mferejini na mzigo wa majani kichwani, akafika juu, akasimama. Hakuwa amechoka. Alikuwa anashangaa. Kifua kilichompigia filimbi miaka na miaka kilikuwa kimya. Pumzi iliingia yenyewe, ikatoka yenyewe, bila kuombwa. Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ilikuwa wazi, nyeupe, naye aliijua tangu kuzaliwa, ila siku hiyo aliitazama huku machozi yakimtoka.

"Mungu wangu," alinong'ona, "kumbe watu huishi hivi?"

Alfajiri ya Pasaka, usharika ulisimama kwenye umande kulizunguka kaburi la Eliona. Jesse alikuwa ubavuni mwa mzee, maana walikubaliana ampokee akikwama. Aminieli akaanza. Ubeti ukafika nusu, pale pale pa mwaka jana, na Jesse akainua tarumbeta yake mdomoni. Akangoja. Sauti ya tarumbeta ya mzee ikapanda, ikashika, ikakaa juu ya migomba, na watu wakaacha hata kukohoa. Polepole Jesse akaishusha tarumbeta yake, akavua kofia.