Kitunguu Aliyekataa Kustaafu

Ko, ko, ko. Nakumbuka siku niliyousikia mlio huo mara ya kwanza. Nilikuwa nimeshika trei ya chai, nikasimama katikati ya uwanja wa nyuma wa nyumba niliyofanyia kazi Al Wakrah, kule Qatar, nikidhani kuna fundi anayegonga mbao. Hakuwa fundi. Alikuwa farasi, anagonga mlango wa banda lake kwa kwato, kwa sababu wenzake walikuwa wametolewa kwenda mazoezini na yeye ameachwa ndani.

Niruhusu nikuite mwanangu, ingawa magoti yangu bado hayajaanza kulia. Nilikwenda Qatar nikiwa msichana aliyeishia kidato cha pili, na ndoto nyingi kuliko nguo zilizokuwa kwenye begi. Nilifanya kazi za ndani. Mwenye nyumba tulimwita Baba na mkewe Mama, ndivyo wafanyakazi wanavyowaita mabosi huko. Baba alifuga farasi wa mashindano, na kila alfajiri kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuwapelekea chai watu wa banda. Mkubwa wao alikuwa mzee wa Kisudani, Ammi Idris. Hilo Ammi ni kama kusema baba mdogo. Tulizungumza Kiarabu cha jikoni, kimekatikakatika, lakini tulielewana vizuri kabisa.

Huyo farasi alikuwa na jina refu la heshima kwenye karatasi zake. Watu wa banda walimwita Basal, yaani kitunguu, kwa kuwa alikuwa mwekundu, mviringo, na miguu yake mifupi. Baba hakumchagua. Aliongezewa tu aliponunua farasi mwingine, kama mama wa sokoni anavyokutupia nyanya moja ya nyongeza. Wageni walipita wakimcheka. Mmoja aliuliza kama huyu wanamkamua maziwa.

Basi, mwanangu, huyo huyo alikuja kushinda. Mama aliniita sebuleni nitazame kwenye televisheni, nami nikasimama mlangoni na taulo la vyombo begani. Farasi warefu walitangulia, wanapendeza kama maharusi. Kitunguu alikuwa nyuma, kichwa chini, kama mtu anayetafuta shilingi iliyoanguka. Kwenye kona ya mwisho sijui alikumbuka nini. Alipita katikati yao, akawaacha. Nilipiga kigelegele sebuleni kwa watu, na Mama, badala ya kunigombeza, akacheka mpaka akakaa chini. Alishinda tena, na tena. Ijumaa nikienda mtaa wa Al Mansoura kuwaona wenzangu, walinitania, "Mghoi, tunasikia umepata mchumba mwenye mkia." Nami niliwajibu kwamba angalau wangu anafika nyumbani wa kwanza.

Kisha mshipa wa mguu wa mbele ukamuuma. Daktari wa mifugo akasema kutembea atatembea, lakini mashindano basi. Baba hakuwa mtu mbaya. Alimpa banda lenye kiyoyozi, majani mazuri, kupigwa brashi kila siku, na akaagiza asisumbuliwe. Hapo ndipo shida ilipoanza. Kitunguu alikataa kula. Kila alfajiri wenzake wakitolewa, ko, ko, ko, mpaka mbao za mlango zikafanya bonde. Mtoto wa Mama akawa hapati usingizi, na mguu mbovu ukaanza kuvimba tena. Baba akaamua kumpa bwana mmoja wa mbali aliyetaka farasi wa kubebea watoto kwenye sherehe. Angekuja kumchukua Alhamisi. Ammi Idris alijua, na mimi nilijua, kwamba farasi asiyekula, mwenye mguu ule, hawezi kazi ile. Huko hangemaliza kiangazi.

Nililia. Nilikuwa nimejiegemeza kwenye mlango wake nikimwita maskini wangu, maskini wangu, Ammi Idris akanikuta. Alikunywa chai yake yote kwanza. Kisha akasema:

"Binti, acha kumwita maskini. Wote waliomcheka walimwita hivyo hivyo, ila wao walikuwa wakitabasamu."

Nikamuuliza sasa nifanye nini. Akaniambia kwao mzee hafungiwi ndani akapewa uji. Farasi aliyezoea njia hutembezwa mbele ya wageni wa njia, wale wachanga wanaoogopa kila kitu, nao humfuata. "Huyu hahitaji mapumziko," alisema. "Anahitaji kazi. Nimemwambia Baba mara mbili. Nikirudia nitakuwa mkaidi."

Nikamwambia mimi sijasema hata mara moja.

Alhamisi ikafika. Asubuhi hiyo farasi mpya wa Baba, kijana mweupe mrefu aliyesifiwa mpaka basi, alitakiwa kupelekwa Doha kwa mashindano yake ya kwanza. Alikataa kupanda trela. Walimvuta, wakamsukuma, wakamfunika macho. Alisimama kwa miguu ya nyuma, akarusha ndoo. Baba alikuwa na wageni pale, jasho linamtoka. Na kule nyuma, ko, ko, ko.

Mwanangu, mfanyakazi wa ndani hasemi mbele ya wageni wa kiume. Anaweka chai, anarudi jikoni. Mimi niliweka chai, miguu ikakataa kurudi. Nikasema, "Baba, mwache Basal atangulie."

Mgeni mmoja akauliza siku hizi jikoni ndiko kunakoendesha farasi? Sauti yangu ilikuwa imepungua lakini haikuwa imekwisha. Nikarudia: "Atangulie yeye. Njia anaijua."

Baba alinitazama, akamtazama Ammi Idris, ambaye alikuwa akiangalia viatu vyake kwa bidii sana. Akapunga mkono. Wakamfungulia. Kitunguu alitoka akichechemea, akapita mbele ya wageni wale wale, akapanda trela bila kushikwa hatamu, kama mtu anayeingia kwake. Yule mweupe akanyoosha shingo, akanusa, akamfuata.

Siku hiyo mweupe alimaliza wa mwisho, usinicheke. Lakini Kitunguu aliporudi alikula ndoo nzima, na yule bwana wa sherehe za watoto alipewa kahawa na tende, akaenda zake na gari tupu. Tangu hapo hakuna farasi kijana wa banda lile aliyetoka bila mzee wake mfupi mbele.

Sasa sikiliza neno langu. Watakaokucheka watakuja, na hao utawaweza. Uwaangalie zaidi watakaokuhurumia, watakaokupangia kona ya kupumzika kabla hujachoka. Usigombane nao. Gonga mlango tu. Na ukimwona mwenzako amefungiwa, usimlilie. Sema, hata kama umeshika trei. Mungu akupe miguu inayokataa kurudi jikoni, akupe na mzee mmoja wa kukukemea kwa upole.

Nami siku ya kurudi Kenya wenzangu walinipa pole, eti safari yangu imekwisha. Kabla gari la uwanja wa ndege halijafika nilikwenda bandani. Hapakuwa na mtu, hata Kitunguu; alikuwa kazini. Nikakunja ngumi, nikaitia kwenye lile bonde alilolichimba mlangoni, nikagonga. Ko, ko, ko. Kisha nikabeba begi langu.