Picha ya Kifua, Picha ya Ini

Aliyesababisha kifo cha mdogo wangu ni daktari msimamizi wa hospitali tuliyoiendea. Si dereva, si muuguzi, wala si maradhi peke yake. Nimeitumikia serikali katika wilaya hii hadi nikastaafu, na nimezoea kumtaja mwenye jukumu.

Mdogo wangu alikuwa mkulima kijijini kwetu Mraru. Katika miaka ya themanini alishikwa na homa isiyoachia na maumivu chini ya mbavu za kulia. Hospitalini alipigwa eksirei ya kifua. Daktari mgeni aliyekuwa akizuru aliitazama, akambonyeza tumbo, akaagiza apelekwe Mombasa akapigwe picha ya ini kwa mashine mpya, ile inayotumia mawimbi ya sauti. Kisha akaondoka zake.

Kibali cha gari la wagonjwa kilikuwa mikononi mwa msimamizi. Nilimwendea nikiwa nimevaa tai.

"Mzee, picha si keshapigwa?"

"Ile ni ya kifua, daktari. Hii ni ya ini."

"Picha ni picha. Mnataka kutengeneza albamu?"

Wauguzi walicheka. Aliinua eksirei dirishani, akasema kwamba ini limevimba, ni kansa, tumrudishe nyumbani akapumzike. Nilimshukuru. Hata leo naisikia sauti yangu ikimshukuru.

Nyumbani, mdogo wangu aliwaita wanawe akawagawia mbuzi. Alifanya hivyo bila kelele, kama mtu anayefunga duka. Hali yake ilipozidi kuwa mbaya, nilimwomba mwenye lori mmoja wa Maungu atuchukue mpaka Mombasa. Sikumbuki chochote cha njiani isipokuwa kwamba nilishika kofia yake.

Mtaalamu wa mashine alimpaka tumboni kitu baridi chenye kuteleza.

"Kaka, huyu ananipaka mafuta kama chapati," mdogo wangu akaniambia.

"Tulia, mzee, usije ukaungua," mtaalamu akajibu.

Kwenye kioo, ini lilionekana la kijivu, na ndani yake duara jeusi. Mtaalamu alimwita daktari wa pale. Walisogeza kifaa huku na huku, wakampima na damu. Hatimaye daktari akatueleza: lile jeusi ni usaha. Ni jipu la amiba. Hutibiwa kwa dawa, na likiwa kubwa hivi hunyonywa kwa sindano. Angetamani tungekuja mapema.

"Kwa hiyo si kansa?" mdogo wangu akauliza.

"Si kansa."

Alinigeukia. "Kaka, sasa mbuzi nitawadai vipi?"

Jipu lilipasuka tumboni kabla sindano haijaandaliwa. Walimkimbiza kwenye upasuaji, na hakutoka. Nilirudi Mraru na kofia. Watoto walikuwa wamewafunga mbuzi mbele ya nyumba yake, kila mmoja amerudisha fungu lake, kwa kuwa habari ya kwamba si kansa ilitangulia kufika. Nilisimama pale. Sikulia, na sijalia bado.

Kwa hiyo nadai rasmi, kwa niaba ya watoto hao, kwamba daktari msimamizi yule aitwe mbele ya mamlaka inayohusika, nasi tukiwepo, aeleze kwa nini aliikataa picha ya ini kwa sababu ya picha ya kifua. Na jibu lake tupewe kwa maandishi, likiwa na sahihi yake.